Allidina Visram: Mfanyabiashara Ambaye Mtaji Wake Ulikuwa Neno



Kamati iliponitaka niandike habari ya biashara kwa ajili ya maadhimisho haya, nilijiuliza ni maisha ya nani yatakayomfaa msomaji. Nimemchagua mtu ambaye hakuwa wa dini yetu. Allidina Visram alikuwa Khoja, Mwismaili, mzaliwa wa Kachchh. Nimemchagua kwa sababu wazee wetu wengi, Walohana, Wabhatia na Wapatel, walipanda bara kwa njia alizozizoea yeye, na kwa sababu alisaidia wafanyabiashara Wahindi wa jumuiya zote. Tena mandir hii yetu haikusimama kwa michango ya waumini peke yao. Ilisimama pia kwa wema wa majirani. Mtu aliyeishi vizuri na watu wa kila aina anastahili nafasi katika kurasa hizi.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kachchh, nchi kavu yenye mvua chache na njaa za mara kwa mara. Vijana wa huko walitazama bahari kama vijana wa leo wanavyoitazama Dar es Salaam. Majahazi yaliondoka bandari kama Mandvi pepo za kaskazi zilipoanza kuvuma, yakashuka hadi Unguja na mrima wake. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, kijana huyo alivuka bahari. Hakuwa na fedha wala elimu ndefu ya darasani. Alichokuwa nacho ni hesabu ya kichwani na utayari wa kutumwa.

Alifika Bagamoyo, akapata kazi kwa mfanyabiashara aliyekuja kuwa maarufu mno, Sewa Haji Paroo. Bagamoyo wakati ule ilikuwa mlango wa bara. Misafara iliondoka hapo kwenda Tabora na Ujiji ikiwa imebeba merikani, kaniki, shanga na masango, ikarudi na pembe za ndovu, nta na mazao mengine. Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuipatia misafara hiyo bidhaa na wapagazi. Kwa kijana Allidina, hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya biashara.

Naomba msomaji aitafakari shule hiyo, kwa kuwa ndani yake kuna kila jambo ambalo leo vitabu vya uendeshaji wa biashara huliita mawasiliano na mahusiano na wadau. Mpagazi, aghalabu Mnyamwezi, alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani takribani kilo 32, kwa mwendo wa miezi miwili au mitatu hadi Tabora. Alipokea sehemu ya ujira wake kabla ya safari, na posho njiani. Akiona amedanganywa katika posho, aliweza kuutua mzigo usiku na kutoweka porini, na hapakuwa na polisi wa kumrudisha. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyesifika kwa kulipa alipata wapagazi haraka. Aliyesifika kwa kudhulumu alikaa pwani na bidhaa zake zikaozea ghalani.

Njiani walikuwapo watemi. Kila mmoja alidai hongo. Neno hilo leo lina aibu, lakini siku zile lilikuwa ada ya kupita katika nchi ya mtu, na kulitoa kwa adabu kulikuwa sehemu ya safari. Aliyeharakisha mazungumzo au kumtuma mtu asiye na heshima aliweza kufungiwa njia kwa wiki nzima. Mwisho wa safari walikuwapo mawakala, waliokaa miezi mingi mbali na tajiri wao, wakiwa na mali yake yote mikononi. Pwani kulikuwa na matajiri wa Unguja na Bombay waliokopesha bidhaa, na kulikuwa na serikali, kwanza ya Sultani, kisha ya Wajerumani. Watu wote hao hawakuwa na lugha moja, dini moja wala haja moja. Biashara iliendelea pale tu kila mmoja wao alipokuwa na sababu ya kuamini kuwa ahadi ya Bagamoyo itatimizwa Ujiji.

Allidina aliliona pia jambo jingine kwa mwajiri wake. Sewa Haji hakuuchukulia mji kuwa mahali pa kuchuma tu. Alitoa mali yake kwa ajili ya shule Bagamoyo, iliyokusudiwa watoto wa rangi zote, na kwa ajili ya hospitali Dar es Salaam, ambayo ndiyo mwanzo wa historia ya Muhimbili tunayoijua leo. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na mtandao wa misafara aliouacha ukaangukia mikononi mwa Allidina.

Kufikia hapo Allidina alikuwa ameshajitegemea kwa muda mrefu. Alikuwa na matawi Dar es Salaam, Sadani, Tabora na Ujiji, na mikono yake ilifika hadi Kongo. Ni vema tuangalie jinsi mtandao huo ulivyofanya kazi. Nyumba kubwa za biashara zilimkopesha Allidina vitambaa na chumvi. Naye aliwakopesha mawakala wake. Mawakala waliwakopesha wenye maduka madogo, na wenye maduka waliwapa wanavijiji bidhaa kwa kubadilishana na pembe, nta, ngozi, ufuta na nafaka. Mazao yalishuka pwani, yakauzwa, na deni likalipwa kutoka chini kurudi juu. Mzunguko mmoja uliweza kuchukua mwaka mzima. Kilichouunganisha ni barua, daftari na hundi. Neno hundi wazee wetu walilileta kutoka Gujarat, kama walivyoleta neno duka na neno bepari, ambalo kwetu maana yake ni mfanyabiashara tu, bila ubaya wowote.

Katika mnyororo kama huo habari ina thamani kuliko bidhaa. Bei ya pembe ikishuka Bombay, wakala wa Tabora ni lazima ajue kabla hajanunua. Ukame ukiingia Ujiji, tajiri wa pwani ni lazima ajue kabla hajadai. Mtu akificha hasara kwa aibu, hasara hiyo hukua gizani. Allidina hakukaa Bagamoyo kusubiri barua. Alisafiri mwenyewe, akayaona maduka kwa macho yake, akawajua watu wake kwa majina na kwa tabia. Ndiyo maana aliweza kumkopesha kijana aliyeshuka jahazini juzi tu bila dhamana ya nyumba wala shamba. Dhamana yake ilikuwa kumjua mtu.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijaisha. Kandarasi kubwa za reli zilikuwa za A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mbohora kutoka Karachi. Allidina alifuata njia yake mwenyewe. Kila reli ilipofika alifungua duka, ili mfanyakazi apate unga, mchele, dengu na kitambaa kwa rupia zake. Watu wengine waliiona reli kuwa adui wa misafara, na kweli iliiua misafara. Aliyeishi kwa misafara kwa zaidi ya miaka 30 aliweza kununa na kubaki nyuma. Yeye alielewa kuwa biashara yake tangu mwanzo ilikuwa watu na haja zao, na wapagazi walikuwa njia tu ya kuwafikia. Njia ikibadilika, watu wale wale bado wanahitaji chumvi.

Karibu na mwaka 1898 alifungua duka Kampala, na reli ilipofika ziwani mwaka 1901 alikuwa tayari yuko upande wa pili akiingoja. Baadaye alihamishia makao yake Mombasa. Matawi yake yalizidi 30, kutoka mwambao hadi Uganda na maeneo ya jirani. Katika siku ambazo benki zilikuwa hazijafika bara, maofisa wa serikali ya Uganda walimtegemea kwa kusafirisha mizigo na kwa kupata fedha taslimu. Kilimo cha pamba kilipoanza kushika Uganda kuanzia mwaka 1904, mkulima mdogo alihitaji mtu wa kuununua mfuko wake mmoja au miwili na kumlipa papo hapo. Allidina alikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo. Alijenga viwanda vya kuchambua pamba na vya kukamua mafuta, akaanzisha mashamba, na akawa na vyombo vya kusafirisha mizigo ziwani. Watu walimpa jina la mfalme asiye na taji wa Uganda.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa mfanyabiashara aliyetaka faida, katika zama ambazo nchi zetu zilikuwa zikitawaliwa na wageni, na milango aliyofunguliwa yeye haikufunguliwa kwa Mwafrika mwenye akili kama yake. Baadaye, katika miaka ya 1940, wakulima wa Buganda waligombana vikali na wenye viwanda vya pamba wa Kiasia na serikali, wakitaka kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, na ghasia za mwaka 1949 ziliwakumbusha wengi kuwa mkulima asiyesikilizwa hanyamazi milele. Wakati huo Allidina alikuwa ameshafariki. Namtaja kwa sababu mizizi ya biashara ile ilipandwa katika siku zake, na haifai kusimulia mazuri ya wazee na kuacha mengine.

Mwaka 1916, Vita Kuu vikiendelea, Allidina alisafiri kwenda Kongo kwa shughuli zake kama alivyozoea. Akiwa na umri wa miaka 65 hivi bado alitaka kuona kwa macho yake. Alipata homa katika safari hiyo, akafariki mwaka huo huo. Mwanawe Abdulrasul aliishika kampuni, na kwa heshima ya baba yake akajenga shule Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1923 na ambayo hadi leo inaitwa Allidina Visram. Mwaka huo huo Abdulrasul naye alifariki. Kabla ya miaka ya 1920 kwisha, kampuni ile kubwa ilikuwa imevunjika. Shule ilibaki na maduka yakapotea.

Hapa ndipo maisha haya yanaponigusa zaidi. Kwa nini nyumba iliyojengwa kwa zaidi ya miaka 50 ianguke miaka michache tu baada ya mwenyewe kuondoka? Sababu za wazi zipo. Vita viliharibu biashara ya upande wa Wajerumani. Bei za mazao ziliporomoka baada ya vita. Rupia iliondolewa, ikaja florini, kisha shilingi, na wenye madeni ya zamani wakaumia. Lakini wafanyabiashara wengine walipita katika dhoruba hiyo hiyo wakabaki wima. Kwa maoni yangu kuna sababu moja zaidi. Mtandao ule ulikuwa na kamba nyingi, na kamba zote zilifungwa kwenye mkono wa mtu mmoja. Alijua nani wa kusubiriwa na nani wa kubanwa, nani anakopa kwa shida ya kweli na nani kwa mazoea. Daftari liliweza kuonyesha kuwa wakala fulani anadaiwa rupia kadhaa. Daftari halikuweza kuonyesha ni maneno gani yaliyomfanya wakala huyo alipe kila mwaka bila kusukumwa. Warithi walipata daftari. Maneno yalizikwa pamoja na mzee.

Tulinganishe na Wahindu wawili waliokua katika Uganda hiyo hiyo, wote wawili wazaliwa wa pande za Porbandar. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Muljibhai Madhvani alianzisha cha kwake Kakira mwaka 1930, akafariki mwaka 1958. Mehta alifariki mwaka 1969. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na familia zote mbili zikapoteza kila kitu walichokuwa nacho nchini humo. Hata hivyo katika miaka ya 1980 watoto wao walirudi, wakafufua mashamba na viwanda, navyo vinaendelea. Mali ilikuwa imeshapotea, kwa hiyo si mali iliyowarudisha. Watoto walikuwa wameshaingizwa katika kazi wakati wazee wangali hai, wakaijua nchi na watu wake, na nchi ikawajua wao.

Nami sina haki ya kumhukumu marehemu bila kutaja kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikinunua maharage kwa wakulima wa vijiji vya Ileje. Mwanzoni mwa msimu nilitaja bei. Kisha soko likashuka ghafla, nami nikapata habari siku nne kabla ya siku ya kupokea mizigo. Nilinyamaza. Nilifikiri kuwa wakishafika na magunia yao hawatakuwa na la kufanya. Walifika, wengine kwa baiskeli, wengine wamejitwika vichwani tangu alfajiri, nikawatajia bei mpya. Waliuza, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuupandisha mlima mzigo ule tena. Jioni ile nilihesabu faida. Msimu uliofuata hakuja hata mmoja.

Marehemu baba yangu alinitaka niende mwenyewe, nyumba kwa nyumba, wala nisimtume kijana wa dukani. Nilikwenda. Mzee mmoja wa Kindali, ambaye tangu utoto wangu aliniita Bhai, alinikaribisha, akanipa kiti, akanieleza kwa upole kuwa hawakukasirishwa na bei. Bei hupanda na kushuka, nao walilijua hilo kabla sijazaliwa. Kilichowaumiza ni kuwa nilijua nikanyamaza. Ilinichukua misimu mitatu kuwarudisha, na wachache hawakurudi kamwe. Tangu hapo, habari mbaya huipeleka mwenyewe, na huipeleka mapema.

Sisi wa Isongole tunakaa njiani. Ng'ambo ya mpaka, Chitipa, ilipita ile barabara ya Stevenson iliyoanza kujengwa miaka ya 1880 kutoka Karonga kwenda Ziwa Tanganyika, na misafara ya kule ilitafuta vitu vile vile vya misafara ya Bagamoyo. Leo lori hupanda kwa lami kutoka Mpemba, na simu hupeleka bei kabla gari halijawashwa. Lakini wadau ni wale wale: mkulima, dereva, kuli, ofisa wa forodha, jirani wa Malawi, mwenye kukopesha. Kila mmoja bado anauliza swali lile lile la mpagazi wa Kinyamwezi: je, ahadi ya huyu ni ahadi?

Watoto wetu wengi wamekwenda Dar es Salaam, Leicester na Toronto. Hatuwalaumu, maana hata babu zao waliondoka kwao. Lakini wachache waliobaki tunawaonyesha ghala, funguo na kompyuta ya hesabu, kisha tunadhani tumewarithisha biashara. Nimeanza, kwa kuchelewa, kumchukua mwanangu nikipanda vijijini. Namtaka akae, anywe chai, asikilize habari za msiba na za mavuno kabla ya kutaja magunia. Namtaka ajue ni nani aliyenisubiri mwaka wa shida, na ni nani niliyemsubiri mimi. Mambo hayo hayamo kwenye kompyuta, na mimi sitakuwapo siku zote.

Kila Diwali tunapoyafungua madaftari mapya mbele ya Ganesh na Lakshmi, tunaandika maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida. Wazee wetu waliitanguliza heri. Mwaka huu wa maadhimisho, naomba kila familia yenye duka, baada ya pooja, iketi na watoto na kuwatajia majina ya watu ambao bila wao daftari hilo lisingekuwa na cha kuandikwa. Wengi wa watu hao hawaji mandir, lakini wanaishi jirani nasi.

Mwenyezi Mungu aibariki mandir yetu, awabariki majirani zetu wote, na azijalie roho za wazee wetu amani. Jai Shri Krishna.